Nimesoma theolojia na sitaki kuvaa kola: nifanye kazi gani?

Msomaji mmoja wa Makambako ameniandikia barua ndefu. Naifupisha hapa kwa ridhaa yake:

"Shikamoo mama. Nina miaka 26. Nilihitimu shahada ya theolojia miaka miwili iliyopita, kwa mkopo wa Bodi. Sikuwahi kusikia wito wa uchungaji. Nilipenda masomo yenyewe, hasa Kiebrania. Tangu nihitimu niko nyumbani, namsaidia mama duka la vitenge na nafundisha shule ya Jumapili. Kila nikifungua tangazo la ajira, shahada yangu haimo. Juzi baba mdogo aliniuliza mbele ya wageni kama nilisoma miaka yote ile ili nije kupima vitenge. Rafiki yangu aliyesoma Masomo ya Kiislamu kule Morogoro yuko katika hali hiyohiyo. Je, tumepoteza miaka yetu?"

Marahaba, binti yangu. Nianze na swali la mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Hapana, hamjaipoteza. Ila sitakudanganya pia: shahada ya theolojia ikisimama peke yake, nje ya kanisa haina mwajiri anayeisubiri mlangoni. Muuguzi ana wodi yake, mhasibu ana vitabu vyake vya hesabu. Wewe una elimu ambayo thamani yake huonekana inapofungwa pamoja na ufundi wa pili. Nasema ufundi mmoja, si mitano. Nimewaona wahitimu wengi wakikusanya vyeti vya semina za siku tatu mpaka bahasha inajaa, na bado hawajui kufanya kitu kimoja ambacho mtu atawalipa.

Kuhusu matangazo ya Sekretarieti ya Ajira, usiyachukue kama dharau. Tangazo la Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii hutaja shahada kwa majina, na asiye na jina hilo kwenye cheti hapiti hatua ya kwanza hata angekuwa hodari namna gani. Huwezi kubishana na tangazo. Ama unatafuta karatasi ya pili yenye jina wanalolitaka, ama unakwenda kwa waajiri wanaohitaji kile ulichokisoma hasa. Njia zote mbili ni halali. Mimi nakushauri uanze na ya pili, kwa sababu haikudai ada mpya kabla hujapata kipato.

Wengi watakwambia kasome ualimu. Tulimalize hilo upesi. Kenya mtu aliyesoma ualimu wa somo la dini pamoja na somo jingine la kufundishia ana mlango wa TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali huko, kwa kuwa dini ni somo la kawaida katika sekondari zao. Kwetu mtihani wa Baraza unalitambua somo la Biblia na la Elimu ya Dini ya Kiislamu, lakini katika shule za serikali vipindi vya dini kwa kawaida hufundishwa na watu wanaoletwa na taasisi za dini zenyewe, mara nyingi kwa posho ndogo. Ukichukua stashahada ya uzamili ya ualimu bila somo jingine la kufundishia, kama Kiswahili, Kiingereza au Historia, utakuwa umeongeza deni bila kuongeza mlango. Kabla hujalipa hata shilingi ya fomu, tazama matokeo yako na ujiulize somo la pili ni lipi. Ukilikosa, acha.

Sasa nikupeleke mahali ninapopafahamu kwa miguu yangu mwenyewe: hospitali.

Nimefanya kazi ya kuhudumia wagonjwa kiroho kwa miaka mingi, na niliingia humo nikiwa kama wewe, na shahada mkononi bila haja ya mimbari. Watu hudhani kazi hiyo ni kupita kitanda hadi kitanda ukiombea watu. Ina mafunzo yake maalumu. Yalianzia Marekani mwaka 1925, pale Anton Boisen, mchungaji aliyewahi kulazwa yeye mwenyewe kwa ugonjwa wa akili, alipowachukua wanafunzi wa theolojia akawaingiza katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester ili wajifunze kutoka kwa wagonjwa kama wanavyojifunza kutoka vitabuni. Hapa kwetu mafunzo ya namna hiyo hutolewa katika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi.

Zoezi lake kubwa ni ripoti ya neno kwa neno. Unakwenda kwa mgonjwa, unakaa naye, unatoka, unaketi mahali patulivu na kuandika kila kilichosemwa: yeye alisema hivi, mimi nikajibu hivi, yeye akanyamaza, mimi nikafanya hivi. Kisha wenzako na msimamizi wanaisoma pamoja nawe. Ripoti yangu ya kwanza ilihusu mama mmoja aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari. Alisema, "Sasa nani atanichotea maji?" Mimi nikamsomea Zaburi. Msimamizi aliweka kidole kwenye mstari ule, hakusema neno kwa muda, halafu akaniuliza, "Alikuuliza nini?" Alikuwa ameuliza kuhusu maji. Nilirudi wodini kesho yake, nikamwuliza kisima kiko umbali gani na nyumbani yuko nani. Tukazungumza kwa saa nzima, na kabla sijaondoka ni yeye aliyeomba tusali. Kila kitu nilichojifunza baadaye kuhusu kazi hii kilikuwa tayari katika saa ile.

Nakusimulia hayo kwa sababu mahitaji yapo. Tiba shufaa, yaani huduma kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake hautapona, kwa maelezo ya Shirika la Afya Duniani lenyewe inagusa mwili, nafsi, mahusiano na roho. Hospitali za makanisa zimekuwa zikiitoa huduma hiyo kwa miaka mingi, na timu inayokwenda nyumbani kwa mgonjwa inahitaji mtu anayeweza kuzungumza juu ya kifo bila kukimbia. Wewe uko Makambako; Hospitali ya Ilembula haiko mbali nawe. Ajira za namna hii si nyingi, na baadhi ya nafasi hushikwa na wachungaji waliobarikiwa. Lakini aliyepita mafunzo ya wodini hubeba ujuzi unaokubalika pia katika vituo vya unasihi na mashirika ya watoto na ya wakimbizi. Ukivutwa upande wa unasihi, fuata njia ya kitaaluma mpaka mwisho. Wenzetu wa Kenya wana sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, huko huwezi kujiita mnasihi kwa sababu tu unajua kusikiliza. Hata pale sheria isipokubana, maisha ya watu yakubane.

Umeniambia unapenda Kiebrania, na hilo limenifurahisha kuliko yote katika barua yako. Hujui umekalia nini. Watu wenye shahada ya sosholojia wapo maelfu. Mbena anayesoma Kiebrania, na Kibena ndiyo lugha aliyoinyonya kwa mama yake, hao ni wachache mno.

Kazi ya tafsiri ya Maandiko haikuisha. SIL, shirika la utafiti wa lugha na tafsiri ya Biblia, wana ofisi Mbeya, na tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wameendesha mradi wa lugha za nyanda zenu pamoja na makanisa ya huko: Kisafwa, Kinyiha, Kimalila, Kikinga, Kivwanji, Kisangu, Kinyakyusa, na Kibena chako kimo. Chama cha Biblia Tanzania makao yake yako Dodoma. Ng'ambo ya mpaka kuna Chama cha Biblia cha Kenya na shirika la tafsiri ya Biblia la BTL, na Chuo Kikuu cha Africa International pale Nairobi hufundisha masomo ya tafsiri hasa.

Kazi yenyewe iko hivi. Mtafsiri huandaa rasimu ya kwanza. Wenzake huipitia mstari kwa mstari. Halafu huchukuliwa kijijini, ikasomwa mbele ya watu ambao hawajawahi kuisikia, wakaulizwa wameelewa nini, na hapo ndipo mambo hufichuka. Chukua Waebrania 6:19, tumaini kama nanga ya roho. Mtu wa pwani anaona nanga papo hapo. Mzee wa Makambako aliyeishi maisha yake yote juu ya milima anasikia neno tu. Je, uache nanga na kuweka maelezo chini ya ukurasa? Uweke mfano wa kitu kinachoshikilia ambacho anakijua? Ukibadili, umemsaidia au umemnyang'anya bahari iliyomo katika maandiko? Watu wazima hukaa mezani asubuhi nzima kwa neno moja kama hilo. Kisha hutayarishwa tafsiri rejeshi, ya kuirudisha rasimu katika lugha ambayo mshauri anaielewa, naye hukagua kila mstari akilinganisha na maandiko ya asili. Yote hufanyika ndani ya programu ya kompyuta iitwayo Paratext. Ukijifunza kuitumia kabla hujaomba nafasi, utakuwa umewaondolea kazi ya kukufundisha.

Profesa John Mbiti, mwana wa Ukambani aliyefundisha Makerere na kuheshimiwa dunia nzima kwa maandishi yake juu ya dini za Kiafrika, uzeeni mwake alikaa chini akatafsiri Agano Jipya lote kwa Kikamba kutoka Kigiriki, likachapwa mwaka 2014. Angeweza kupumzika. Namtaja ili ujue kwamba meza hiyo haikaliwi na walioshindwa kupata kazi nyingine.

Karibu na tafsiri kuna kazi ndugu zake: vitabu vya kujifunzia kusoma kwa lugha za nyumbani, kurekodi maandiko kwa sauti, kuhariri. Uhariri hasa usiupuuze. Profesa Jesse Mugambi, aliyefundisha falsafa na masomo ya dini Chuo Kikuu cha Nairobi, aliona vitabu vya wanateolojia wa Kiafrika havina wa kuvichapa, akaanzisha nyumba ya uchapishaji ya Acton. Kila dayosisi ina kalenda, mtaala wa kipaimara, ripoti za wafadhili. Soma chache kati ya hizo na kalamu nyekundu mkononi, utaona kazi inayokusubiri.

Sasa rafiki yako wa Morogoro. Mweleze kwanza jambo hili, litawafurahisha nyote wawili. Neno "rehema" tunalolitumia kila siku limetujia kutoka Kiarabu, rahma. Wewe katika Kiebrania ulisoma rakhamim, huruma, na jirani yake rekhem, tumbo la uzazi. Yeye amesoma Rahman, Rahim, na rahim lenye maana ya tumbo la uzazi. Mzizi mmoja, mlikuwa mnachimba shamba moja mkiwa madarasa tofauti.

Yeye ana mlango ambao wewe huna: fedha. Amana Bank ilifunguliwa mwaka 2011 ikifuata misingi ya sharia kwa ukamilifu. NBC wana dirisha la La Riba, yaani huduma isiyo na riba, PBZ, Benki ya Watu wa Zanzibar, wana huduma zao za Kiislamu, na CRDB walianza Al Barakah mwaka 2021. Taasisi hizi zinahitaji watu wanaofahamu fiqhi ya miamala, yaani sheria ya Kiislamu ya biashara, si masheikh wa kamati peke yao bali pia wakaguzi wa kila siku. Mfano mmoja. Kijana anataka bodaboda kwa mkataba wa murabaha. Benki haimkopeshi pesa. Hununua pikipiki, ikaimiliki, kisha ikamwuzia kijana kwa bei yenye faida inayojulikana na pande zote. Mkaguzi wa sharia hufungua jalada na kutazama tarehe. Kama mkataba wa kumwuzia kijana umesainiwa tarehe 4 na risiti ya benki kununua kutoka kwa muuza pikipiki ni ya tarehe 6, benki imeuza kitu ambacho hakikuwa chake, na muamala una kasoro hata kama kila mtu ameridhika. Aliyesoma uhasibu tu hatashtuka akiona tarehe hizo. Rafiki yako atashtuka. Anachokosa ni upande wa pili: jedwali la Excel, misingi ya uhasibu, lugha ya benki. Akiyapata hayo, kuna cheti cha ushauri na ukaguzi wa sharia kinachotolewa na AAOIFI, taasisi ya viwango vya fedha za Kiislamu yenye makao Bahrain, na kinatambulika mbali.

Akipenda sheria zaidi, Zanzibar na Kenya zina mahakama za kadhi ndani ya mfumo wa dola. Katiba ya Kenya ya 2010 inazitaja katika ibara ya 170. Nyuma ya kadhi kuna makarani, watafiti na wasuluhishi. Na kama anasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati ya Kiarabu, asikubali mtu amwambie huo ni ujuzi wa kizamani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa miswada ya namna hiyo, hifadhi ya nyaraka ya Zanzibar ina yake, na ile ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha na kuhifadhiwa kidijitali kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza. Wanaoweza kuisoma wanazeeka. Amkumbuke Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy: alikuwa mwalimu wa shule Unguja kwa miaka mingi, akawa kadhi, kisha Kadhi Mkuu wa Kenya, na kati ya majukumu hayo akakamilisha tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1969.

Mashirika ya misaada utaambiwa na kila mtu, kwa hiyo nitapita haraka. Caritas, World Vision, Islamic Relief na wenzao huajiri, lakini huuliza uandishi wa miradi na ufuatiliaji wake kabla ya kuuliza imani. Karibu zaidi nawe ni vituo vya huduma ya mtoto ambavyo makanisa ya mahali huviendesha kwa ubia na Compassion, shirika la Kikristo la kufadhili watoto. Mwalimu wa shule ya Jumapili anayejua kuandika ripoti safi ana nafasi pale. Redio za dini zipo nyingi, toka Sauti ya Injili ya Moshi hadi Radio Maria. Ukitaka kuwa mwandishi wa habari kamili, kanuni za sheria ya huduma za habari ya 2016 zinadai uwe angalau na stashahada ya fani hiyo.

Kuna jambo moja dogo lisilo na mshahara ambalo bado nakusihi ulifikirie. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka wanandoa wapite kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kufungua shauri la talaka, na baraza likishindwa hutoa hati, Fomu Namba 3. Jumuiya za dini zina mabaraza yao. Omba kukaa kama katibu. Utajifunza kuandika maelezo ya pande mbili zinazochukiana bila kuelemea upande wowote, na atakayesoma kumbukumbu zako ni hakimu. Mwaka mmoja wa kazi hiyo ni ushahidi mzuri mbele ya mwajiri yeyote anayetafuta mtu wa usuluhishi na amani.

Nimeisoma CV uliyoniambatishia. Umeandika: "Nimesoma homiletiki, teolojia ya kichungaji, eksejesia." Mwajiri asiye mtu wa kanisa hapo ameshafunga. Andika ulichokifanya: kwamba kwa miaka miwili umeandaa somo jipya kila wiki na kulifundisha mbele ya watoto, ukitaja idadi yao, kwamba wakati wa fildi ulitembelea familia zilizofiwa na kuandika taarifa, kwamba unasoma lugha mbili za kale na kuzungumza tatu za leo. Na duka la vitenge liandike pia. Unatunza daftari la mauzo na la madeni, unajua mteja anayelipa mwisho wa mwezi na anayekukwepa. Usilione aibu hata kidogo. Hiyo ni kazi, na baba mdogo ajue kwamba wewe huvipimi tu, unalisimamia duka.

Utakapopata nafasi, hasa katika taasisi ya dini, omba mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira yako kwa maandishi, na neno "huduma" halimwondolei wajibu huo. Nimewapokea wengi waliojitolea miaka minne, mitano, wakiahidiwa kufikiriwa. Jitolee, ndiyo, lakini kwa miezi inayohesabika na kazi iliyotajwa. Ukianza kulipwa, Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi. Ipigie hesabu kabla hujakubali kiwango, usije kushangaa mwisho wa mwezi wa kwanza.

Na kama kuna mtu atakushauri ufungue kanisa lako kwa kuwa "umesoma na sauti unayo", mkatalie. Umeniambia wazi kwamba hukuitwa huko. Watu wanaokuja kanisani na machozi yao hawapaswi kuwa suluhisho la ukosefu wa ajira wa mtu yeyote.

Kati ya yote haya, mimi kwako naona mawili: wodi au meza ya tafsiri. Usichague kwa kufikiri tu. Wiki ijayo nenda Ilembula, ulizia anayehusika na huduma ya kiroho kwa wagonjwa, mwombe umfuate kwa siku tatu. Jioni ya kila siku andika mazungumzo mamoja neno kwa neno, bila kujipamba, na bila jina la mgonjwa wala kitu cha kumtambulisha. Wiki inayofuata chukua kitabu cha Ruthu, sura ya kwanza, aya ya 1 hadi 18, itafsiri kwa Kibena kutoka Kiebrania, umsomee bibi yako au jirani yeyote mzee, umwulize nani alikufa na kwa nini Ruthu hakurudi kwao. Andika alichojibu. Nitumie vyote viwili, ripoti za wodini na majibu ya bibi, nami nitavisoma na kukurudishia na kalamu yangu nyekundu.